CHURA WA MTINI NA KASUKU: NANI BORA?



 Wapenzi wanafunzi wetu pamoja na wazazi wenu, makala hii imetokana na swali la mtoto. Tumeona si vizuri kumjibu peke yake, kwa sababu kosa lililoleta swali lile tulilifanya sisi walimu.

Nyuma ya madrasa yetu huku Mbagala kuna shimo la zamani lililochimbwa mchanga. Mvua za masika zikinyesha shimo lile hujaa maji, na juu yake umeinama mkorosho. Asubuhi moja wanafunzi walikuta mapovu matatu meupe, kila moja kubwa kama ngumi ya mtu mzima, yamening'inia kwenye matawi ya ule mkorosho juu ya maji. Wako waliosema ni mate ya nyoka. Wako waliosema ni uchawi. Tulipoitwa sisi walimu, hatukujua ni kitu gani, na badala ya kuuliza tulimwambia kijana mmoja ayaangushe kwa fimbo. Povu la kwanza likaanguka ukingoni, juu ya mchanga mkavu. Likapasuka, na ndani yake mkaonekana mayai mamia, madogo kama vichwa vya pini. Hapo tukamwambia kijana asimamishe. Ilipofika adhuhuri sisimizi walikuwa wameshamaliza kila kitu.

Tulipouliza tukaambiwa kuwa yale ni mayai ya chura wa mtini. Ndipo mwanafunzi mmoja wa darasa la Juzuu Amma akasema: "Ustaadhi, kasuku wa kwa babu jirani anatoa salamu. Chura anapiga kelele tu usiku. Si kasuku ndiye bora?" Wenzake wakacheka, lakini sisi tuliona swali ni zito. Tukamwahidi kusoma na kumjibu.

MAKUNDI MAWILI YA VIUMBE

Katika Suratin-Nur, aya ya 45, tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila mnyama kutokana na maji, na kwamba wako wanaotambaa kwa matumbo, wako wanaokwenda kwa miguu miwili na wako wanaokwenda kwa minne. Kasuku yumo katika wa miguu miwili, na chura yumo katika wa minne. Wote wawili asili yao ni maji.

Wataalamu wa elimu ya viumbe wanamweka chura katika kundi la amfibia, yaani wanyama wanaoanza maisha majini na kumalizia nchi kavu. Kasuku yumo katika kundi la ndege. Wote wana uti wa mgongo, wana macho mawili, wana moyo na mapafu. Lakini moyo wa chura una vyumba vitatu na moyo wa kasuku una vyumba vinne, kama wa mwanadamu. Damu ya chura hufuata joto la mahali alipo: asubuhi ya baridi naye ni wa baridi. Kasuku hujitengenezea joto lake mwenyewe, na kwa hiyo anahitaji kula kila siku. Chura anaweza kukaa siku nyingi bila kula asife.

Chura tunayemzungumzia hapa ni yule mwenye rangi ya kijivu, ambaye wataalamu humwita Chiromantis xerampelina. Anapatikana katika ukanda wetu wa pwani na kwenda kusini hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Jike hufikia urefu wa sentimita 9 hivi, na dume ni mdogo zaidi. Kasuku wetu naye ni wa kijivu, mkia mwekundu, urefu wake sentimita 33 hivi, na jina lake la kitaalamu ni Psittacus erithacus. Huyu si mwenyeji wa Dar es Salaam. Kwao ni misitu mikubwa ya Kongo na Afrika ya Kati, na upande wa mashariki anafika Uganda na mkoa wetu wa Kagera. Wako pia jamaa zake wengi duniani. Huku kwetu kaskazini wako kasuku wadogo wa kijani waitwao wa Fischer, wanaoonekana maeneo ya Serengeti. Amerika ya Kusini wako wale wakubwa wenye mikia mirefu na rangi kali, waitwao makau, ambao watoto wengi wamewaona katika picha.

NGOZI NA MANYOYA

Ngozi ya chura haina magamba wala manyoya. Ni nyembamba, na maji na hewa hupita ndani yake. Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Hukaa mahali penye unyevu na ngozi yake ikanywa. Vilevile hupumua kwa mapafu na kwa ngozi. Hii ni neema kwake, lakini pia ni udhaifu wake mkubwa. Sumu yoyote iliyomo majini, iwe sabuni, mafuta machafu ya gari au dawa ya kuulia wadudu, huingia mwilini mwake moja kwa moja. Ndiyo maana mtoto anayemwagia chura chumvi kwa mchezo anamtesa mateso makali: chumvi huyanyonya maji ya mwili wake kupitia ngozi ile ile.

Kasuku amevikwa manyoya. Manyoya yanamhifadhi na baridi, yanamwezesha kuruka, na yanazuia mvua isimfikie mwilini. Lakini manyoya nayo yanaeleza hali yake. Kasuku akiwa mpweke, hana wa kuzungumza naye wala kitu cha kutafuna, mara nyingi huanza kujinyonyoa mwenyewe. Tulipokwenda kumtazama yule kasuku wa jirani tuliona kifua chake ki wazi kama kuku aliyekwisha kutiwa maji ya moto. Tulidhani ni ugonjwa wa ngozi. Kumbe ndege hukaa peke yake siku nzima katika tundu dogo, mpaka watoto wapite kumtaka salamu.

MIKONO NA MIGUU

Tazameni hekima hii. Kasuku ana vidole vinne katika kila mguu: viwili vinatazama mbele na viwili vinatazama nyuma. Kwa hiyo anashika tawi kama koleo, na anaweza kusimama kwa mguu mmoja huku mguu wa pili ukipeleka chakula mdomoni. Kuku hawezi hivyo.

Chura wetu wa mtini naye ana vidole vinne katika kila mkono, na viwili vya ndani vinakabiliana na viwili vya nje. Anashika kijiti kama vile wewe unavyoshika kalamu. Juu ya hayo, ncha za vidole vyake zina vibonge bapa vinavyonata, hata hupanda ukuta uliopigwa plasta. Viumbe wawili wa makundi mbalimbali kabisa, mmoja wa manyoya na mmoja wa ngozi tupu, wamepewa namna moja ya kushika tawi, kwa sababu wote wawili maisha yao ni juu ya mti.

MAYAI NA MALEZI

Kasuku wa kijivu hutaga mayai machache, kwa kawaida matatu hadi matano, ndani ya tundu la mti mkubwa. Jike huyaatamia kiasi cha mwezi mmoja, na dume humletea chakula. Makinda huzaliwa hayaoni na hayana manyoya, na hukaa kiotoni kwa muda wa wiki kumi na mbili hivi kabla ya kuruka. Kasuku akitunzwa anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Ndiyo kusema kuwa watoto wake ni wachache na wanalelewa muda mrefu. Mwindaji akikata mti mmoja wa kiota huondoa kizazi cha mwaka mzima, na mti wenye tundu kama lile haupatikani upesi.

Chura wa mtini ana njia nyingine. Usiku wa mvua jike hupanda kwenye tawi lililo juu ya maji. Hutoa ute na kuupiga kwa miguu yake ya nyuma kama mama anavyopiga mayai ya keki, mpaka ukawa povu. Madume, mara nyingi zaidi ya mmoja, humsaidia. Ndani ya povu hutaga mayai mamia, na mara nyingine kupita elfu moja. Kazi hiyo humkausha, kwa hiyo huteremka majini akanywa kwa ngozi yake, kisha hupanda tena kumalizia. Povu hukauka kwa nje likawa gamba, na ndani hubaki unyevu. Samaki hawayafikii na jua haliyaunguzi. Baada ya siku tano hivi povu hulainika kwa chini, na viluwiluwi huanza kudondoka majini kimoja kimoja.

Hayo tuliyaona kwa macho yetu. Siku ya sita, baada ya mvua ya alfajiri, wanafunzi walikaa ukingoni mwa lile shimo kwa ukimya ambao hatujawahi kuupata darasani, wakahesabu viluwiluwi vikidondoka kutoka mapovu mawili yaliyobaki. Walifika mia mbili na kitu wakapoteza hesabu. La tatu tulikwisha kuliangusha sisi.

JAMBO WANALOFANANA LA AJABU

Ukitazama kinyesi cha kuku utaona sehemu nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ndege hawakojoi maji kama ng'ombe. Hutoa uchafu wa mwili ukiwa kama uji mzito mweupe, na hivyo maji hubaki mwilini. Kasuku ni hivyo hivyo. Vyura karibu wote ni kinyume chake: hukojoa maji mengi, na ndiyo maana ukimshika hukurowesha. Lakini chura huyu wa mtini wa kijivu ni katika vyura wachache sana wanaotoa uchafu mzito kama wa ndege. Wakati wa kiangazi hukunja miguu yake chini ya tumbo, akatulia juu ya tawi juani, na ngozi yake ikageuka kuwa karibu nyeupe ili irudishe joto la jua. Kwa njia hiyo huweza kungoja mvua kwa muda mrefu pasipo kukauka.

SAUTI NA MANENO

Tukija kwenye sauti, ndipo lilipoanzia swali la mtoto wetu. Chura anayelia usiku ni dume. Hujaza hewa katika mfuko ulio chini ya koo, na sauti ikavuma. Anaita jike, na kila aina ya chura ina mlio wake ili majike wasipotee. Kwa hiyo kile tunachokiita kelele ni mwito wenye maana kamili kwa anayehusika. Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na ni kweli, kwa sababu chura hakuwa akizungumza na ng'ombe.

Kasuku hana nyuzi za sauti kooni kama zetu. Sauti yake hutoka chini zaidi, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda katika mapafu, na huitengeneza kwa ulimi wake mnene. Porini huishi kwa makundi na hujifunza milio ya wenzake. Akiwekwa peke yake na watu, huwafanya watu ndio kundi lake, akaiga maneno yao. Huko Marekani palikuwa na kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na mtaalamu Irene Pepperberg kwa miaka thelathini mpaka alipokufa mwaka 2007. Alijua majina zaidi ya mia moja ya vitu, aliweza kutaja rangi na kuhesabu mpaka sita. Basi hata ile methali yetu ya kukariri kama kasuku inamdhulumu kidogo. Wapo wanafunzi wanaokariri sura nzima bila kujua maana ya neno moja. Hao watakuwa wamezidiwa na Alex.

MAFUNDISHO YA DINI JUU YA VIUMBE HAWA

Katika Suratil-An'am, aya ya 38, wanyama wa ardhini na ndege wametajwa kuwa ni umma kama sisi tulivyo umma. Chura ametajwa katika Suratil-A'raf, aya ya 133, miongoni mwa ishara walizopelekewa watu wa Firauni. Na katika Sunan za Abu Dawud imepokewa kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumuua. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii chura haliwi, na kasuku naye, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, haliwi.

Ama kufuga ndege, wanazuoni wengi wameruhusu kwa hadithi ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake na Mtume (S.A.W.) akawa anamtania kwa upole kwa ajili yake. Lakini ruhusa hiyo ina sharti. Tunayo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na tunayo habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anazunguka kwa huzuni, na Mtume akaamuru arudishiwe.

WALIOTOWEKA MAKWAO

Huenda msomaji akasema: vyura ni wengi na kasuku ni wengi, khofu ya nini? Tutatoa mifano miwili.

Mwaka 1996 katika bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, ambaye hupita sentimita mbili kwa shida. Hakuwa akiishi mahali pengine popote duniani ila kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Ajabu yake nyingine ni kuwa hatagi, bali huzaa watoto walio vyura kamili. Maji ya mto yalipochepushwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yalipungua sana. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye Toledo, ili mbegu isipotee. Bondeni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaongezeka tena. Kisha mwaka 2003 waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukagunduliwa pale. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine walirudishwa Kihansi. Umeme ule unatuwashia taa hata sisi, na hatusemi umeme ni mbaya. Tunasema tu kwamba kiumbe aliyeishi katika eneo dogo kama lile aliondoka kwao ndani ya miaka michache mno, na kumrudisha kumehitaji mabara mawili.

Mfano wa pili ni makau wa buluu wa Brazil, anayejulikana kwa jina la Spix. Misitu ya kando ya mito aliyoishi ilikatwa, na waliobaki walikamatwa kwa ajili ya kuuzwa. Wa mwisho porini alitoweka mwaka 2000. Walibaki wa kufugwa tu, wengi wao katika hifadhi ya Al Wabra huko Qatar, ambako walizalishwa kwa taabu kubwa. Baadaye walipelekwa Ujerumani, na mwaka 2020 kundi la 52 likarudishwa Brazil. Juni 2022 wanane wa mwanzo wakaachiwa porini.

Kasuku wetu wa kijivu naye amo njiani. Amekamatwa kwa wingi hata mwaka 2016 mataifa yalipokutana Johannesburg yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hiyo, na marufuku hiyo ikaanza mwaka 2017. Hapa nchini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiue vyura wala tusiwamwagie chumvi. Chura hula wadudu, na sisi tunaoishi karibu na madimbwi tunajua wadudu wanavyotusumbua.

Pili, tujifunze kutofautisha. Viluwiluwi vya mbu ni vyembamba, hujipinda na hupanda juu kuvuta hewa. Viluwiluwi vya chura vina kichwa cha duara na mkia. Maji ya kwenye makopo na matairi tuyamwage, maana humo mbu huzaliana. Lakini tusimwage mafuta machafu katika madimbwi.

Tatu, tusinunue kasuku wanaouzwa njiani. Anayenunua mmoja humtuma mwindaji akakamate mwingine.

Nne, aliye naye tayari amtunze. Ampe tundu pana, matunda, mbegu na vijiti vya kutafuna, na asimwache peke yake. Vumbi la kinyesi chake linaweza kuambukiza watu ugonjwa wa mapafu, kwa hiyo tundu lisafishwe na mikono ioshwe. Kumwachia aruke hapa mjini si huruma, kwa kuwa kwao si hapa.

Tulimweleza mzee wetu jirani maneno hayo kwa adabu. Alisikiliza, kisha akasema kuwa alimnunua miaka mingi iliyopita na hakuna aliyemwambia. Siku hizi tundu lipo barazani, mahali wanapokaa watu. Mpaka tunaandika makala hii manyoya ya kifuani hayajarudi, lakini mzee anasema ameacha kuyang'oa mapya.

JIBU LETU

Ewe mwanafunzi uliyeuliza, tumesoma na tumetazama. Kasuku hawezi kutaga ndani ya povu juu ya dimbwi la Mbagala, na chura hawezi kuvuka msitu kwa mbawa. Kila mmoja ni hodari mahali alipowekwa, na hakuna kati yao aliye bora kwa ajili ya kutufurahisha sisi. Sisi ndio tutakaoulizwa juu yao, na sisi walimu tutaulizwa juu ya lile povu la kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini sumu iliyomo majini humdhuru chura upesi?
2. Vidole vya kasuku na vya chura wa mtini vinafanana vipi?
3. Taja sababu mbili zilizompunguza chura wa Kihansi.
4. Kasuku anayejinyonyoa manyoya anatueleza nini?
5. Muulize mzazi au babu yako: alipokuwa mdogo, vyura na ndege gani walikuwepo mtaani kwenu ambao leo hawaonekani?